Kumwaga oili ya gari: tafuta namba yako mwenyewe

Fungua boneti ya gari lolote hapa Dar es Salaam. Kuna uwezekano mkubwa utakuta kikadi kimefungwa kwa waya, au stika imebandikwa pembeni: tarehe, kilomita za leo, kilomita za kurudi gereji. Toa ndogo kwenye kubwa, utapata 3,000 au 5,000. Fundi hakukuuliza unakaa wapi, foleni yako ya asubuhi ina urefu gani, wala oili uliyomletea ni ya aina gani. Ameandika alichokikuta kikiandikwa na aliyemfundisha kazi.

Simlaumu. Namba hiyo ina ukoo wake: Marekani walizoea kwa miaka mingi kumwaga oili kila maili 3,000, ambazo ni kama kilomita 4,800. Ikirahisishwa, ndiyo hiyo 5,000. Shida yake ni kwamba kwa dereva mmoja inamwagisha oili ambayo bado nzima, na kwa mwingine inakuja imechelewa sana, injini imeshaanza kujaa tope jeusi. Na madereva hao wawili wanaweza kuwa majirani wenye gari za aina moja.

Nitatumia gari moja kama mfano tangu mwanzo hadi mwisho: Toyota IST ya toleo la kwanza, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Ndiyo ninayoendesha, na injini hiyohiyo utaikuta kwenye Raum, Probox, Allion, Sienta na Spacio. Kama gari lako ni jingine, badilisha namba, njia ni ileile.

Hatua ya kwanza: mtengenezaji alisema nini?

Gari zetu nyingi zinakuja na kijitabu cha Kijapani ambacho hakuna anayekisoma. Kinachosemwa humo ni hiki: kwa gari la petroli lisilo na turbo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), Toyota ya Japani inaelekeza oili ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka 1. Kwa matumizi magumu, nusu yake: kilomita 7,500 au miezi 6. Petroli yenye turbo ni kilomita 5,000 au miezi 6, na kwa matumizi magumu 2,500 au miezi 3.

Watu wakiona 15,000 wanashangilia. Subiri kwanza uone wanachokiita matumizi magumu: barabara mbovu, milima mingi, safari fupifupi zisizozidi kilomita 8, kukaa muda mrefu gari likiunguruma bila kwenda au likitambaa, na kutembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Sasa niambie ni nani hapa mjini hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo futa 15,000 kichwani. Dari letu ni 7,500 au miezi 6, na hapo ni kama oili ni ya kiwango sahihi na injini ni nzima.

Hatua ya pili: hesabu saa za injini

Hapa ndipo penye siri yote. Kilomita zinapima tairi zimezunguka kiasi gani. Oili haijui habari za tairi, yenyewe inajua injini imewaka muda gani, imepata joto kiasi gani, na imemeza masizi na petroli kiasi gani. Wenye jenereta na matrekta wanalijua hili siku nyingi, mitambo yao ina mita ya saa na oili humwagwa kwa saa. Gari dogo halina mita hiyo, itabidi uitengeneze mwenyewe kwa kalamu.

Chukua jirani wa kwanza. Anatoka Mbezi kwenda Posta, kama kilomita 25, na asubuhi ya kawaida anatumia saa 2 barabarani. Jioni vilevile. Kwa siku 5 za kazi ametembea kilomita 250 na injini imewaka saa 20. Wastani wake ni kilomita 12.5 kwa saa. Akisubiri 5,000 za kwenye stika, atazifikia baada ya wiki 20, injini ikiwa imewaka saa 400.

Jirani wa pili anauza vifaa mikoani. Kila wiki yuko njia ya Morogoro, Dodoma, Iringa. Pamoja na vibao vya 50 kila penye kijiji, wastani wake hauko mbali na kilomita 50 kwa saa. Kilomita 5,000 kwake ni saa 100 tu. Stika ni moja, gari ni la aina moja, ila oili ya wa kwanza imefanya kazi mara 4 ya oili ya wa pili. Tena imefanya kazi mbaya zaidi, maana kwenye foleni hakuna upepo wa kupoza injini, AC imewashwa, na pampu ya oili inazunguka polepole.

Namba ya saa ya kulenga niliipata hivi. Zile 7,500 za matumizi magumu, ukizigawa kwa mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa, unapata saa 250. Ni makadirio yangu, hayakuandikwa kwenye kitabu cha gari, lakini yanakaa karibu na saa ambazo jenereta nyingi za dizeli hubadilishiwa oili, kwa hiyo sioni kama nimekosea sana. Kwa hiyo nina mipaka mitatu, na wowote utakaofika kwanza ndio unaotawala: saa 250, kilomita 7,500, miezi 6.

Fanya hivi wiki hii. Jumatatu asubuhi andika namba ya kilomita. Kila unapowasha na kuzima gari, andika dakika (simu inatosha). Ukimsubiri mtu nje ya duka na AC imewashwa, hizo dakika zihesabu pia. Jumapili jioni jumlisha. Gawanya kilomita kwa saa, upate mwendo wako wa wastani. Zidisha mwendo huo mara 250: hizo ndizo kilomita zako za kumwaga oili.

Yule wa Mbezi anapata 12.5 mara 250, yaani 3,125. Yule wa mikoani anapata 12,500, lakini anasimamishwa na dari la 7,500. Dereva wa teksi za mtandao anayewasha saa 10 kwa siku, siku 6, anamaliza saa 250 ndani ya wiki 4 na ushee. Akienda wastani wa kilomita 20 kwa saa, ni 5,000 kamili. Kwa huyo stika ya fundi ilikuwa sahihi, kwa bahati.

Yuko pia mama anayempeleka mtoto shule kilomita 2 na kurudi, kisha gari linalala. Kilomita zake kwa nusu mwaka hazifiki 2,000 na saa zake ni chache. Wengi wanadhani huyu ndiye mwenye gari lililotunzwa. Injini yake kila siku inazimwa kabla oili haijapata moto wa kutosha, na maji yanayotokana na kuungua kwa petroli, pamoja na petroli yenyewe inayopenya kwenye ringi za pistoni, havipati nafasi ya kuvukizwa. Vinabaki ndani ya oili. Kwa Dar joto linasaidia kidogo. Kwa Njombe au Mbeya, mwezi wa 6 na wa 7, ni hatari ya kweli. Huyu mpaka wake ni miezi 6 bila kujali kilomita, na akikaa kwenye baridi asivuke miezi 4. Mara moja kwa wiki alitembeze gari nusu saa bila kusimamasimama.

Hatua ya tatu: oili uliyoweka inaruhusu namba hiyo?

Saa 250 ni kwa oili nzuri. Kwenye dumu tafuta vitu viwili.

Cha kwanza ni unene, kwa mfano 5W-30. Namba yenye W inaeleza oili inavyotiririka ikiwa ya baridi, na ya pili inaeleza unene wake kwenye nyuzi joto 100. Mafundi wetu wanapenda 20W-50 kwa gari lolote lenye umri, eti oili nzito inaziba uchakavu. Kwa injini iliyochoka kweli na inayokula oili, naelewa hoja yao. Kwa 1NZ ambayo bado nzima sikubaliani nao: mfumo wake wa VVT-i, unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, unasukumwa na presha ya oili kupitia vijia vyembamba, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Fuata jedwali la kitabu cha gari, na ukiwa huna kitabu, 5W-30 haitakuangusha.

Cha pili ni kiwango cha API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), herufi mbili. Zinazoanza na S ni za petroli, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya: SL ilikuja 2001, SN 2010, SP 2020. IST ilianza kuuzwa 2002, kwa hiyo isiwekewe chini ya SL. Huku kwetu bado utakuta dumu zimeandikwa SF. Hicho ni kiwango cha 1980, kwa injini zilizotengenezwa mpaka 1988. Bei yake itakuvutia. Iache dukani. Zinazoanza na C, kama CI-4 au CK-4, ni za dizeli.

Ukiweka oili ya kawaida, ile ya madini tupu, shusha saa ziwe 150. Nusu sinthetiki (mchanganyiko wa oili ya madini na ya kutengenezwa kiwandani) ya SN kwenda juu, 200 hadi 250. Sinthetiki kamili inavumilia zaidi, lakini mimi siivushi 250 mjini, kwa sababu petroli na masizi vinaingia kwenye oili ya bei ghali sawasawa na ya bei rahisi. Ukiniuliza pesa iende wapi, nitasema nusu sinthetiki inayomwagwa kwa wakati, kuliko sinthetiki kamili inayoachwa mwaka mzima kwa sababu ilikuwa ghali.

Na kuna oili feki. Dumu la jina kubwa kwa bei ya nusu si punguzo. Nunua kwa wakala au duka unaloweza kulirudia, angalia lakiri ya kifuniko, namba ya toleo na alama ya TBS, kisha dumu tupu ulitoboe kabla ya kulitupa. Dumu zima lenye lebo safi lina wanunuzi wake, na unajua watakwenda kulijaza nini.

Hatua ya nne: injini yenyewe ina hali gani

Gari limeshuka bandarini juzi? Mwaga oili siku hiyohiyo, hata kama muuzaji amekuapia. Historia yake huijui, na namba ya kilomita kwenye dashibodi nayo ni ya kuaminiwa nusunusu. Kisha mwaga tena baada ya kilomita 1,500, na mara zote mbili filta ya oili iwe mpya. Hapo ndipo uanze kuhesabu saa.

Petroli yenye turbo: fuata zile namba fupi za mtengenezaji, usijadiliane nazo. Dizeli kama ya Hilux au Prado ina masizi mengi zaidi, na kwenye foleni mimi ningekaa kwenye saa 200. Haibridi (gari la petroli na umeme) kama Aqua inazima injini kwenye foleni, kwa hiyo saa za kukaa barabarani si saa za injini. Hapo rudi kwenye 7,500 au miezi 6. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo kwenye Harrier, Alphard na Estima nyingi, ina sifa ya kula oili. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama oili imebaki ndani, ndipo uulize lini uimwage.

Vumbi nalo. Ukiishi Dodoma au Shinyanga, au barabara ya kwenu ni ya udongo, usikimbilie kufupisha siku za oili kabla ya kutazama filta ya hewa. Vumbi linaloharibu injini linapita humo. Filta ya hewa inayopulizwa na kompresa kila wiki hutoboka tundu usiloliona kwa macho, na hapo utabadilisha oili kila mwezi bila faida.

Hatua ya tano: jifunze kusoma kijiti

Kila baada ya wiki 2, asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare na halijawashwa. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Kwa gari nyingi ndogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita 1. Ikishuka, ongeza oili ya aina ileile na uandike umeongeza kiasi gani. Gari linalokula zaidi ya lita 1 kwa kilomita 1,000 linahitaji fundi.

Rangi inawadanganya wengi. Oili kuwa nyeusi maana yake inaosha injini, ndiyo kazi yake. Ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache na haina tatizo. Mambo ya kuogopa ni haya: oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, hapo maji ya rejeta yameingia na pengine gasketi ya hedi imekwenda, oili inayonuka petroli, oili inayopanda badala ya kushuka. Utando mweupe chini ya mfuniko wa kujazia tu, kijiti kikiwa safi, mara nyingi ni unyevu wa safari fupi kwenye baridi. Na ukichungulia tundu la mfuniko ukaona tope zito kama grisi nyeusi, kuna aliyechelewa kumwaga, wewe au mwenzako wa Japani.

Ile taa nyekundu ya kibirika kwenye dashibodi haikukumbushi kumwaga oili. Inasema presha ya oili hakuna. Zima injini hapohapo, hata kama uko katikati ya daraja la Kijazi. Watu wameendesha "mpaka gereji ya karibu" na injini ikanoki kabla hawajafika.

Hatua ya sita: kumwaga kwenyewe

Kwa IST unahitaji lita 3.7 ukibadilisha filta, 3.4 usipoibadilisha. Ibadilishe kila mara, dumu la lita 4 linatosha na linabaki kidogo la kuongezea. Andaa filta, washa (kiringi cha kuziba) mpya ya bolti ya kumwagia oili, spana namba 14, beseni na glavu. Glavu si mapambo, oili iliyotumika ikikaa kwenye ngozi mara kwa mara inaweza kuleta saratani.

Washa injini dakika 5 hadi 10 oili ipate uvuguvugu, kisha zima. Gari lipandishwe kwenye rampu au stendi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fungua mfuniko wa juu, kisha bolti ya chini, uache oili ichuruzike mpaka iwe matone. Fungua filta ya zamani na uhakikishe mpira wake haukubaki umeganda kwenye injini, kwa sababu mipira miwili itavujisha oili yote njiani. Paka oili mpira wa filta mpya, zungusha kwa mkono mpaka uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Bolti ya chini kaza kwa spana fupi ya kawaida. Bolti nyingi huharibiwa uzi na mafundi wanaoning'inia kwenye bomba.

Mimina lita 3.4 kwanza. Washa dakika 1, angalia chini kama panavuja, zima, subiri dakika 5, pima, malizia taratibu mpaka karibu na alama ya juu. Usizidishe. Oili ya zamani ikusanye kwenye dumu uwape wanaoikusanya. Isimwagwe mtaroni, kwa sababu itaishia kwenye kisima cha mtu.

Ukipeleka gereji, simama karibu. Mimi kwa muda mrefu nilikuwa nalipia filta kila mara na kusubiri kwenye benchi na gazeti. Siku niliyoingia chini ya gari mwenyewe nikakuta filta yenye kutu na maandishi ya Kijapani, ileile iliyosafiri nalo melini. Nilikuwa nimezilipia filta 4. Tangu hapo naandika tarehe kwenye filta kwa maka peni kabla haijafungwa.

Hatua ya saba: daftari

Weka daftari dogo kwenye droo ya gari. Kila ukimwaga andika tarehe, kilomita, makadirio ya saa, aina ya oili, na kiasi ulichoongeza katikati. Baada ya mara tatu utaona mwenendo. Kama huongezi oili na chini ya mfuniko ni safi, namba yako iko sawa. Kama unaongeza zaidi kila mzunguko, fupisha kwa saa 50 na umwone fundi kuhusu ringi na sili za valvu. Ukihama nyumba, ukibadilisha kazi, au barabara yenu ikifungwa kwa ujenzi, pima tena ile wiki moja ya dakika. Mimi nilipohamia karibu na kazini kilomita zangu zilishuka, lakini wastani wa mwendo ulishuka zaidi. Mstari wa mwisho kwenye daftari langu unasema hivi: kilomita 2,870, saa 240, nusu sinthetiki SN, nimeongeza robo lita. Na kwenye kikadi cha fundi, ile 5,000 nimeikata.